Vidonda vya Tumbo vya Idara ya Mizani

Kwanza niondoe hili mbele yetu: sijawahi kuugua vidonda vya tumbo. Wenye maduka wa Isiolo wameniombea miaka mingi, kanisani na msikitini, na ninawashukuru kwa moyo wote, lakini tumbo langu ni zima na limekuwa zima tangu nianze kazi. Ninyi mnaobaki ofisini mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa nabeba chupa yangu ya chai hadi kwenye milango ya watu wanaosifika kwa ukarimu. Mkaniomba pia niwaandikie kitu kidogo kuhusu sanduku, mhuri, na wale wanaoteremsha mlango wa duka wakiona gari letu likikata kona. Nitajaribu. Ila mnivumilie, maana nikiandika juu ya mizani lazima nipitie tumboni.

Mimi ni Nakiru. Nilizaliwa hapa mjini, mama yangu akiuza mboga sokoni, kwa hivyo mizani niliijua mapema kutoka upande wa watu wanaoikagua kwa jicho na kunung'unika. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino, kwani nilidhani afisa ni mtu wa kukaa. Aliyenipokea alikuwa Bwana Mutwiri, Mmeru mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe. Alitazama viatu vyangu, akatazama sanduku la mbao lililokuwa sakafuni, akasema neno moja tu: "Inua."

Lile sanduku mnalijua. Ndani yake kuna mawe ya shaba ya serikali, yale ambayo mawe yote ya madukani hupimwa kwayo, kila moja limelala kwenye shimo lake la kitambaa chekundu. Nililiinua mpaka magotini, kisigino kimoja kikavunjika, nikaliweka chini taratibu kama niliyekusudia.

"Hiyo ndiyo intaviu," akasema Bwana Mutwiri. "Ile ingine ulifanya ilikuwa ya karatasi."

Kesho yake nilikuja na raba. Ushauri wangu wa kwanza kwenu ni huo, na sioni wa pili unaoupita.

Bwana Mutwiri hakufundisha kwa maneno mengi. Jiwe la shaba halishikwi kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho lina uzito, na yeye alikuwa na leso maalumu ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuifua. Ukifika dukani, unaangalia kaunta kabla ya kumwangalia mwenye kaunta, kwa kuwa mwenye kaunta atakusalimia vizuri hadi usahau kwamba meza imeinama. Unaweka pimamaji, unangoja kiputo kitulie. Unafuta sahani za mizani hata kama zimeng'aa, halafu unatulia mpaka mshale usimame wenyewe. Alikuwa na tabia ya kuimba wimbo wa kanisa kwa pua wakati akingoja mshale. Wimbo ukisimama katikati, mwenye duka alijua mambo yameharibika.

Kitu kimoja zaidi alinifundisha, na mkishike, kwa sababu hadithi yangu yote imesimama juu yake. Geuzeni jiwe lolote la chuma la dukani, mtaona shimo dogo chini yake. Kiwanda kinaliacha makusudi. Ndani ya shimo hilo mna risasi kidogo, yale madini laini yaliyomo pia kwenye betri za magari, na juu ya hiyo risasi ndipo tunapogonga mhuri wetu kila mwaka. Jiwe likiliwa na miaka likawa jepesi, tunaongeza risasi. Likizidi, tunaikwangua. Shimo halijazwi mpaka juu, maana mhuri unahitaji kujificha usisuguliwe na kaunta.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Oldonyiro, siku ya soko la mifugo. Mama mwenye duka alituwekea viti, akatuletea chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, na mimi nilikuwa nimekula vumbi tangu alfajiri. Nikanyoosha mkono. Bwana Mutwiri akashika tumbo ghafla, uso ukakunjamana.

"Pole sana, mama," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Daktari amenikataza. Vidonda vya tumbo."

"Na huyu msichana?"

"Huyu pia. Ameanza mapema."

Nikarudisha mkono. Nilisikitika kwa ajili yake kutwa nzima, nikambebea hata mkoba. Jioni, tukirudi, alisimamisha gari kando ya barabara, akaagiza nyama ya mbuzi ya kukaanga na pilipili ya kumtoa mtu machozi, akala akalamba vidole. Nikamuuliza tumbo linaendeleaje.

"Linauma dukani tu," akasema.

Ndipo akanieleza. Ukinywa chai ya mtu asubuhi, mchana huwezi kumwambia kwamba mizani yake inadanganya. Utasema, lakini sauti itatoka nyembamba. Lakini huku kwetu, kukataa chai bila sababu ni kumtukana mtu mbele ya watoto wake. Kwa hivyo ilihitajika sababu ambayo haimtukani mtu, na baada ya kufikiria sana yeye akachagua ugonjwa. Shida ni kwamba watu wa hapa hawawezi kumwacha mgonjwa hivi hivi. Kina mama wa Kipsing walimchemshia mizizi. Wafanyabiashara wa maziwa mjini walimwapia kwamba dawa ya vidonda ni maziwa ya ngamia na kwamba yeye, kwa kuyakataa, alikuwa anajiua. Mwaka ule nikasikia jina lake likitajwa kanisani katika maombi ya wagonjwa, naye akiwa ameketi mbele yangu, ameinamisha kichwa, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Miaka ile ya mwanzo niliona kila aina ya ujanja, na ninakiri mwingine ulinifurahisha. Kulikuwa na gorogoro zilizopondwa matako, mkebe ukaonekana umejaa mahindi kumbe nusu ya ujazo imeingia ndani. Mwuza nyama mmoja alifunga uzi chini ya mizani yake ya kuning'inia, akawa anauvuta kwa kidole gumba cha mguu. Alijisaliti mwenyewe kwa sababu alikuwa anavua kiatu kabla ya kukata nyama. Siku moja kwenye kituo chetu cha kupiga mhuri ililetwa mizani ileile na wenyewe watatu tofauti, mmoja baada ya mwingine. Yule wa mwisho alikuwa bado anahema. Bwana Mutwiri aliipiga jicho, akamwambia kwa upole, "Hii nimeshaisalimia leo."

Sasa niwapeleke Sericho.

Mwaka uliotangulia hatukufika. Mvua ilikata barabara, gari likazama, tukarudi mjini tumevaa matope. Kwa hivyo tulipofika safari hii watu walikuwa wametungoja muda mrefu, kama mtu anaweza kusema anawangoja watu wa mizani. Duka kubwa pale lilikuwa la Haji Dida, mzee wa Kiborana mwenye ndevu nyeupe na magoti mabovu. Wafugaji walitoka mbali na ngamia wao kuja kununua kwake sukari, majani ya chai na unga, na siku hizo walikuwa wanapita maduka mengine bila hata kuyasalimia.

Kabla hatujateremsha sanduku, mtu mmoja alinijia pembeni ya gari. Alikuwa Mturkana mwenzangu, mrefu, amevaa koti kuukuu safi. Nilimfahamu. Aliitwa Ekai, aliyekuwa akihudumu katika duka la Haji tangu nilipomjua Haji. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo, aliuvaa shingoni kwa kamba ya ngozi. Siku hiyo shingo ilikuwa tupu.

"Ejok, dada," akasema. "Gari yenu iko na nafasi ya kurudi?"

"Ya nani?"

"Mimi na bibi na watoto. Na godoro."

Nikamuuliza kuna nini.

"Sukari inaisha kabla ya siku yake. Gunia likifunguliwa, hesabu haifiki. Mara ya kwanza Haji alisema labda panya. Sasa hasemi kitu. Amechukua tu ufunguo."

"Amekuita mwizi?"

"Angeniita ningejibu. Amenyamaza. Dada, mtu tulikula naye sahani moja, sasa ananiambia asante na tafadhali." Akagusa shingo pale ufunguo ulipokuwa. "Hata mimi sijui hiyo sukari inaenda wapi. Nimefanya kulala kwa mlango ya stoo, na bado inaisha."

Nilienda nikamwambia Bwana Mutwiri. Moyo wangu ulikuwa umejaa, na sikuficha kwamba mtu huyu ni wa kwetu na kwamba nilimwamini. Alinisikiliza akikunja leso yake.

"Mwambie apakie," akasema. "Lakini tupime kwanza. Na wewe usiguse jiwe la Haji hata moja. Wataona Mturkana anamtetea Mturkana. Wewe simama pale, andika, na ufunge mdomo."

Niliumia kidogo, lakini alikuwa sahihi. Ekai akapandisha godoro juu ya gari, na sufuria, na kuku wawili waliofungwa miguu. Haji aliona kila kitu kutoka barazani. Alikuwa anajipangusa uso kwa kofia yake kila mara ingawa hapakuwa na joto la kiasi hicho.

"Salaam aleikum," akatuambia. "Karibuni. Mwaka jana mliogopa matope?"

Mkewe akatokea na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Bwana Mutwiri akashika tumbo. Maji? Pia daktari amekataza. Sericho maji ni ghali kuliko chai, na kuyapokea ni vibaya kuliko yote. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akaweka kibuyu kwenye kivuli karibu, huenda mgonjwa angebadilisha mawazo.

Mizani ya Haji ilikuwa ile ya kaunta yenye sahani mbili, nayo ilikuwa barabara. Bwana Mutwiri alianza kuimba kwa pua. Akapima jiwe dogo la shaba, aina isiyo na shimo, sawa. La nusu kilo, la shaba pia, sawa. Akaweka la kilo moja upande huu na shaba yetu upande ule, na wimbo ukakatika.

Jiwe la Haji lilishuka. Mawe tunayoyakamata siku zote ni mepesi, ndiyo wizi wenyewe. Hili lilikuwa zito. Akabadilisha sahani, la kulia kushoto na la kushoto kulia, bado likashuka. Akaleta la kilo mbili, nalo likashuka kwa kishindo. Watu waliokuwa wamejaa barazani wakasogea.

Bwana Mutwiri akafunika mkono kwa leso, akaligeuza lile jiwe. Chini yake hapakuwa na shimo. Palikuwa tambarare, panang'aa, pamesuguliwa vizuri.

"Haji," akasema polepole, "mhuri wangu uko wapi?"

Haji Dida akaketi juu ya gunia. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaanza kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri mbele ya kadhi.

"Sheikh aliongea Ijumaa juu ya watu wa kupunja vipimo. Aliongea mpaka mimi nikashindwa kula. Nikarudi duka, nikasema wacha nioshe mawe. Nikageuza. Wallahi, nikaona shimo! Nikasema, kumbe hii jiwe imekatwa chuma. Huyo mtu aliniuzia aliniuzia wizi. Na ndani ya shimo kuna alama ya patasi, anaonekana kabisa vile alikuwa anachimba. Miaka yote nimepima watu na jiwe yenye tundu!"

"Ukafanya nini?"

"Nitafanya nini? Nitasimama kwa msikiti niseme mimi ni mwizi? Niliona haya. Nikafunga mawe kwa kitambaa, nikapanda lori mpaka Garbatulla. Huko kuna fundi wa redieta. Nikamwambia jaza hii shimo yote, hata usiache hewa. Akayeyusha betri ya lori. Sikuambia mtu. Hata mama ya watoto."

Bwana Mutwiri alikuwa ameshika lile jiwe, anakodoa macho.

"Haji," akasema, "hizo alama za patasi ni mhuri wa serikali."

Nami nikaona uso wa bosi wangu ukianza kuharibika. Kwanza midomo, kisha mashavu. Akajaribu kuimba kwa pua, haikusaidia. Akacheka. Alicheka hadi akalazimika kushika kaunta, akashika tumbo, akainama, machozi yakamtoka kwenye shati lake la pasi. Mke wa Haji akapiga kelele, "Vidonda! Vimepasuka!" akamletea kibuyu mdomoni, naye anajitetea kwa mikono miwili huku akicheka, na baraza nzima ikaangua kicheko bila kujua inacheka nini. Sijawahi kuwa na siku ya kazi yenye furaha kama ile.

Ni mimi niliyesema hesabu kwa sauti, ingawa niliambiwa nifunge mdomo. Nilisema: kila kilo iliyotoka hapa tangu Haji arudi Garbatulla ilikuwa kilo na zaidi. Ndiyo maana ngamia wanapita maduka mengine. Ndiyo maana gunia halifiki mwisho wake. Sukari haikuibiwa na mtu yeyote. Haji mwenyewe ameigawa.

Wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakamgeukia Ekai, aliyekuwa amesimama kando ya gari na kamba ya kuku mkononi.

Haji aliinuka kwenye gunia. Alishuka ngazi za baraza na yale magoti yake mabovu, akafika kwenye gari letu, akakanyaga tairi, akaanza kupanda. Mzee yule! Vijana wakakimbia kumsaidia, akawafukuza. Akashika godoro la Ekai, akalivuta.

"Haji, hiyo ni nzito, wacha mimi," akasema Ekai.

"Nyamaza. Mimi ndiye nilipakia."

Aliteremsha godoro, akateremsha sufuria, akateremsha hata kuku, mmoja akamdonoa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, na kamba yake ya ngozi ileile, akamvisha Ekai shingoni mbele ya Sericho yote. Ekai akamshika mkono.

"Leo usiniambie tafadhali," akamwambia.

"Sikwambii," akasema Haji. "Enda ufungue stoo, mjinga wewe, watu wanangoja sukari."

Na Ekai akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa nyumba.

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe haikuwa imeisha. Bwana Mutwiri alitoa keekee ya mkono, akaanza kutoboa ile risasi, na wateja walipoelewa anachofanya kukawa na fujo. Mama mmoja aliyekuja na ngamia kutoka mbali alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Nyinyi mmetoka Isiolo yote hiyo kuja kupunguza sukari yetu?"

"Mama, hii kilo ni ya uongo."

"Uongo gani? Hii ndiyo kilo ya kwanza ya ukweli nimeona!"

Wakamuunga mkono wote. Nilianza kufikiria njia ya kurudi garini. Bwana Mutwiri alisimamisha keekee, akajipangusa, akafikiri. Alichosema baadaye nimekitumia kwenye kila mgogoro wa kaunta mpaka nilipostaafu.

"Jiwe ni la serikali, na litasema kilo, si zaidi wala pungufu, ili hata mgeni akija aamini. Lakini mshale ukisimama, mkono ni wa Haji. Akitaka kuongeza kwa mkono wake, watu wakiona, mimi sina sheria ya mkono."

Haji akapiga kofi kaunta. Akamwita yule mama mbele. Ekai akaweka jiwe lenye mhuri mpya, akamimina sukari mpaka mshale ukasimama katikati, akasubiri mama auone vizuri. Kisha Haji akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa konzi moja, akaidondosha juu.

"Hii ni ya njia," akasema. "Uko mbali."

Tangu siku ile sukari ya Sericho ilipimwa hivyo: kwanza kilo, mshale unaonekana, halafu konzi ya njia. Maduka mengine yakaiga, yangefanya nini?

Tulipokuwa tunaondoka, Ekai alitoka dukani mbio na pakiti ndogo ya karatasi iliyosokotwa juu. Akainyoosha kwangu kupitia dirisha la gari.

"Dada, Haji amesema ya njia. Na mimi nimesema."

Nilitamani kuipokea kuliko nilivyotamani chai ya Oldonyiro. Bwana Mutwiri alijifanya anaangalia ngamia. "Siwezi," nikasema. "Tumbo, Ekai."

"Sukari pia?"

"Sukari ndiyo mbaya kabisa."

Alinielewa, niliona machoni, lakini alibaki amesimama na ile pakiti mkononi hadi vumbi letu likamfunika. Iliniuma, nami nilijivuna pia, yote mawili kwa pamoja.

Bwana Mutwiri alipostaafu, aliniachia sanduku, leso na ugonjwa. Wiki hiyohiyo alionekana sokoni akinywa chai kwenye kila kibanda, watu wakamsifu Mungu kwa uponyaji. Mimi nikaanza kushika tumbo. Baadaye kukaja serikali ya kaunti, ikaja ofisi mpya, zikaja mizani za umeme zenye namba nyekundu. Msiziogope, ila zijueni tabia. Kule Kipsing nilikuta moja iliyowekwa chini ya feni, upepo unakandamiza sahani na namba inapanda bila kitu juu yake. Mwenye duka aliniapia hakujua. Nikamwomba azime feni, naye akanieleza kwa uchungu jinsi anavyosumbuliwa na joto, saa moja asubuhi.

Haji Dida alizeeka, akawaachia wanawe duka, akamsaidia Ekai kufungua lake hapa mjini, Bula Pesa. Nililikagua kila mwaka. Ekai, mvi kichwani sasa, huniletea kikombe cha chai kila mwaka na kuuliza, bila kutabasamu, daktari amesema nini. Namwambia bado. Anakirudisha ndani. Mhuri wangu wa mwisho kazini niliupiga juu ya jiwe lake la kilo moja, kwa kuwa anakataa mizani za umeme. Niligonga polepole kuliko kawaida. Ijumaa nilikabidhi sanduku, mkanipigia makofi, mkanipa blanketi.

Jumatatu asubuhi niliamka sina pa kwenda. Nikachukua kikapu, nikaenda dukani kwa Ekai kununua sukari, kama mtu yeyote.

Alinipimia. Jiwe upande huu, sukari upande ule. Mshale ukasimama katikati, naye akasubiri niuone, na nikauona kweli, mazoea hayaishi kwa siku tatu. Kisha akaingiza mkono kwenye gunia, akaidondosha konzi nzima juu.

"Ya njia," akasema.

"Njia gani, Ekai? Nyumba yangu ni hapo nyuma ya soko."

"Si hiyo. Hii ni ile ya Sericho. Uliniacha nayo mkononi."

Nilisukuma kikapu mbele na nikaipokea, konzi yote, na machozi yalinitoka bila aibu mbele ya wateja wake. Alimwita mkewe. Chai ikaja, ya maziwa, imekolea tangawizi.

"Na vidonda?" akauliza.

"Vimepona Ijumaa," nikasema, na nikavuta kiti.